Kabla Nyeri Haijanunua Lori Jingine la Taka

Taka zikirundikana sokoni au kando ya barabara katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, mjadala huwa na mambo mawili tu: malori hayatoshi na jaa limejaa. Serikali ya kaunti huahidi magari mapya, wanaoishi karibu na shamba linalotajwa kuwa jaa jipya hupinga, kisha maneno hutulia mpaka mvua za Machi ziyafufue. Malori yanahitajika, na ardhi ya kumwaga taka lazima ipatikane mahali fulani. Lakini lori huenda linakoelekezwa, na likiharibika hulala hadi mwenye mamlaka ya kulitengeneza apatikane. Hoja yangu ni kwamba miji hii, kuanzia mtaa kama Ruring'u mjini Nyeri hadi soko la Karatina, haitashinda taka kwa kuongeza vifaa chini ya utaratibu ule ule. Kinachotakiwa kuundwa upya ni chombo kinachosimamia kazi hiyo: nani ana uamuzi, fedha zinakaa wapi, na chombo kikikosea kinajuaje kimekosea, ili kijirekebishe wiki hiyo hiyo na kisingoje uchaguzi.

Tuanze na taka zenyewe, maana hazifanani. Ruring'u ni mtaa wa makazi na biashara ndogondogo, wenye nyumba za kupanga, vibanda vya mboga, na uwanja ambao siku ya mechi au mkutano wa hadhara hubadilisha kabisa kiasi cha takataka za eneo hilo. Karatina, soko ndilo hutawala: majani ya kabeji, viazi vilivyooza, maganda ya mahindi mabichi, vitu vizito vyenye majimaji ambavyo siku mbili za jua zinatosha kuvigeuza makao ya nzi. Nanyuki ina hoteli na watalii, kwa hiyo chupa na makopo ni mengi. Othaya imezungukwa na mashamba, na mabaki mengi ya jikoni huishia kwa ng'ombe na nguruwe bila kuonana na lori la kaunti. Ikifika Aprili kila kitu huongezeka uzito kwa maji, na vichochoro vya udongo havipitiki kwa gari kubwa. Sera ya taifa ya usimamizi wa taka ya mwaka 2021 inakadiria kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya taka za Kenya ni zile zinazooza, na kwamba nchi nzima huzalisha tani 22,000 kwa siku. Ukichungulia idadi hiyo ya pili ilivyopatikana, utakuta ni hesabu ya kuzidisha: watu milioni 45 mara nusu kilo kwa kila mmoja. Mizani haikuhusika. Siwalaumu waliopiga hesabu hiyo, kwani walihitaji pa kuanzia. Ila chombo kinachofanya kazi kwa kukisia hakiwezi kujua kama mwaka huu kimefanya vyema kuliko mwaka jana, wala kama mtaa fulani umesahauliwa.

Sasa tazama chombo tulicho nacho. Hadi Machi 2013 Nyeri ilikuwa na baraza lake la manispaa, lenye madiwani na karani wa mji. Halikuwa baraza la kulilia, lakini angalau mji ulikuwa na ofisi moja ya kulaumiwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilifungua njia ya kuunda bodi za manispaa, lakini kaunti nyingi hazikuharakisha kuziunda mpaka Benki ya Dunia, kupitia mpango wa kusaidia miji ulioidhinishwa 2017, ilipoifanya bodi kuwa sharti la kupata fedha. Bodi iliyoundwa ili kutimiza sharti la mfadhili hupata hati, mwenyekiti na meneja mapema kuliko inavyopata mamlaka. Hufanya kazi ambazo kaunti imekubali kuikabidhi, na kwa fedha ambazo kaunti imeitengea. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hayatoki humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kwa hiyo ada anayolipa mwenye duka wa Ruring'u husafiri hadi kwenye mfuko mmoja na ushuru wa maegesho na kodi ya ardhi, na inaporudi, kama inarudi, haina kumbukumbu ya ilikotoka. Msimamizi wa mtaa anayeona kwamba lori linapaswa kupita Jumatatu jioni badala ya Jumanne asubuhi hana mafuta ya kuamuru wala tairi ya kununua. Anachoweza kufanya ni kuandika barua.

Kwa upande wa Nyeri kuna jambo jingine ambalo watu husahau haraka. Katika mwaka mmoja, 2017, kaunti hii ilikuwa na magavana wanne. Nderitu Gachagua alifariki Februari, Samuel Wamathai akamalizia muhula, Wahome Gakuru akashinda uchaguzi wa Agosti na kufariki katika ajali ya barabarani Novemba, na Mutahi Kahiga akaapishwa. Hakuna aliyepanga mambo yawe hivyo. Lakini mwaka ule ulionyesha wazi hatari ya huduma ya kila siku kutegemea matakwa na mpango wa mtu mmoja aliye juu. Taka hazisimami kwa maombolezo wala kwa kampeni, na mpango unaoanza upya kila anapoingia waziri mpya wa kaunti hauwezi kukusanya uzoefu wowote.

Atakayesema kwamba huduma ya umma nchini haiwezi kuendeshwa vinginevyo, amwangalie jirani yake aliye palepale mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa kiufundi wa Wajerumani, huduma ya maji ya Nyeri, kama zile za Eldoret na Kericho, iliondolewa kwenye idara za baraza na kuwa kampuni inayomilikiwa na umma: Nyeri Water and Sewerage Company, ambayo wengi huiita NYEWASCO. Kampuni hiyo imetajwa zaidi ya mara moja na WASREB, shirika linalodhibiti huduma za maji, kuwa bora kabisa nchini. Kwa miaka kadhaa iliripotiwa kupoteza chini ya robo ya maji inayoyazalisha, ilhali wastani wa kitaifa ulizidi asilimia 40. Mvua ya Aberdare na Mlima Kenya inasaidia, hilo sikatai. Lakini miji mingine yenye mito mizuri tu hukaa na mifereji mikavu. Tofauti imo katika mambo ambayo hayaonekani barabarani. Fedha za maji hubaki kwenye maji. Kila kiungo cha mfumo kina mita, kwa hiyo maji yanapopotea inajulikana yamepotelea upande gani. Mdhibiti kutoka nje huchapisha matokeo kila mwaka na kuyapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mkurugenzi anayeporomoka kwenye orodha hana pa kujificha. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokipa chombo uwezo wa kubadilika: kinaona, kina cha kutumia, na kinaogopa aibu. Idara ya taka ya kaunti yoyote ya eneo hili haina hata moja kati ya hayo kwa ukamilifu.

Pingamizi la kwanza ni zito na halipaswi kurukwa. Asiyelipa maji hukatiwa. Asiyelipa taka hutupa mfuko wake kwenye mtaro usiku, na uchafu wake unakuwa wa kila mtu. Kwa hiyo mfano wa maji, wanasema, haufai. Ni kweli kwamba haufai wote. Ndiyo maana miji kadhaa imeacha kumfuata mwananchi mlango kwa mlango na kuunganisha ada ya taka na bili ambayo tayari analipa. Maputo, mji mkuu wa Msumbiji, hukusanya ada hiyo pamoja na umeme. Nyeri ina kampuni ya maji yenye wateja wanaojulikana kwa mita zao na mazoea ya kulipa. Kuongeza mstari mmoja kwenye bili kunahitaji makubaliano ya maandishi, sheria ndogo ya bunge la kaunti, na hesabu tofauti ili fedha za taka zisimezwe na mabomba. Kuhusu Kifungu cha 207, njia ipo pia: kifungu chenyewe kinaruhusu Bunge kutenga mapato fulani kwa sheria, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake na kuyatumia, baada ya miaka mingi ya wauguzi kukosa glavu huku malipo ya wagonjwa yakipelekwa makao makuu. Kilichowezekana kwa hospitali hakishindikani kwa taka.

Historia ya Dar es Salaam inatufundisha sehemu inayofuata, na ni ajabu kwamba inatajwa kwa nadra upande huu wa mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji hilo lilikuwa likizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Mwaka 1994 kazi katika kata za katikati ya jiji ilipewa kampuni moja binafsi, Multinet. Wengi walidhani jibu limepatikana: serikali imeshindwa, mfanyabiashara aje. Kampuni ilikwama, kwa sababu ilitakiwa kujilipa kwa ada ambazo wakazi na wenye maduka hawakuzoea kulipa, na jiji halikuwa na nguvu wala ari ya kuwashurutisha. Jiji lingeweza kurudi kwenye malori yake mabovu na kutangaza kwamba ubinafsishaji umeshindwa. Badala yake, kufikia 1999 liligawa kazi kwa kampuni nyingi na vikundi vya wananchi, kila kimoja na eneo lake, huku Shirika la Kazi Duniani likisaidia kuvifundisha vikundi hesabu na mikataba. Kiwango cha uzoaji kilipanda hadi karibu asilimia 40 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Asilimia 40 si fahari. Inamaanisha zaidi ya nusu ya taka bado zilibaki. Lakini kilichofanya kazi hakikuwa sekta ya umma wala sekta binafsi. Jiji lilijaribu, likaona pameshindikana wapi, likagawa upya. Eneo dogo lilimwezesha mkandarasi kujua ni nyumba ipi imelipa na ni kichochoro kipi hupitika kwa mkokoteni tu, na likaliwezesha jiji kumwondoa mzembe mmoja bila kuacha mji mzima ukinuka.

Na tusijidai kwamba wazo hili ni la kigeni kwa watu wa Nyeri. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliliendesha Green Belt Movement kuanzia 1977 kwa utaratibu ambao mabwana misitu waliudharau: akina mama wasio na vyeti waliotesha miche wenyewe, kila kikundi kwenye kitalu chake, na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa. Hawakulipwa kwa kuhudhuria wala kwa miche iliyogawiwa. Malipo yalifuata mti ulio hai, na lazima mtu aende akauone. Kikundi kilichochagua mbegu mbaya kilijua hivyo kupitia mfuko wake, kikabadilisha mbegu, bila kungoja waraka kutoka Nairobi. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 miti ilikuwa imezidi milioni 30. Utaratibu huo unaweza kuhamishwa kwenye taka karibu kama ulivyo. Vijana wa mitaa ya Nyeri kama Witemere, Majengo au Kiawara wenye mikokoteni, na waokota taka ambao leo hufukuzwa jaani kama wezi, wangelipwa kwa kila nyumba iliyohudumiwa na kuthibitishwa, na kwa kila kilo ya plastiki, chuma au mabaki yanayooza iliyofika kituoni ikiwa imechambuliwa. Nasema iliyochambuliwa kwa makusudi. Ukilipa uzito wa taka zilizochanganyika, msimu wa mvua utalipia matope, na kuna watakaotia mawe kwenye gunia. Hata hilo litagunduliwa mapema ikiwa kuna mizani na mtu anayesoma daftari lake kila wiki.

Hapa lazima nijibu wanaoogopa kwamba ninataka kuuvunja mji vipande vipande. Nyeri inajua vizuri ubaya wa kugawanyika ovyo: baada ya soko la kahawa kulegezwa miaka ya 1990, vyama vikubwa vya ushirika vya wakulima vilipasuka vikawa vya kiwanda kimoja kimoja, kwa ugomvi na hata umwagaji damu, na baadhi ya vile vidogo vilijikuta na madeni makubwa kuliko uwezo wao wa kujadiliana na benki. Udogo peke yake hauleti akili. Mtaalamu wa sayansi ya siasa Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza idara za polisi za miji ya Marekani katika miaka ya 1970 na kukuta kwamba katika doria na kuitikia wito wa raia idara kubwa hazikuzishinda ndogo, ila maabara za uchunguzi zilifaa kuwa kubwa na kushirikiwa. Swali la kuuliza, basi, ni kazi ipi inastahili ukubwa upi. Kuzoa kunataka mtaa. Kuchambua na kutengeneza mboji kunataka mji au soko. Karatina ingeweza kuwa na kituo chake kwa mabaki ya soko peke yake. Jaa la kisasa lenye sakafu isiyovuja, mizani na mitambo ya kukusanya majimaji machafu ni ghali mno kwa mji mmoja wa ukubwa huu, na hapo Nyeri, Karatina, na hata Kerugoya na Nanyuki zilizo kaunti jirani zingepaswa kushirikiana. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Na yapo mambo ambayo hayapaswi kupinda kabisa. Taka za hospitali ya rufaa hazipewi kikundi chochote cha mkokoteni, hata kiwe hodari vipi.

Kinachotokea ngazi ya juu inapoziba masikio tulikiona Kampala. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa 1996 na likafika kikomo chake miaka mingi kabla ya kuporomoka. Wataalamu walijua, viongozi wa jiji walijua, na nyumba ziliendelea kujengwa chini ya mlima wa taka. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliteremka na kuua zaidi ya watu 30. Mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji alifutwa kazi pamoja na maofisa wenzake. Addis Ababa ilikuwa imeshapitia msiba kama huo kwenye jaa la Koshe, Machi 2017, na zaidi ya 100 walikufa. Habari haikukosekana katika msiba wowote kati ya hiyo miwili. Kilichokosekana ni chombo ambacho habari ikikifikia kinalazimika kutenda, chenye fedha za kutenda, na ambacho kunyamaza kwake kunaonekana hadharani. Kumfuta kazi mkurugenzi baada ya mazishi ni adhabu, na huenda ni haki. Lakini anayerithi kiti hurithi na uziwi ule ule.

Pingamizi jingine husema bodi na kampuni za kaunti hugeuka vijiwe vya ndugu na wapigadebe wa gavana. Ni kweli hutokea, na kampuni kadhaa za maji nchini zimezama hivyo. Lakini idara ya kaunti nayo haina kinga dhidi ya ugonjwa huo, na ugonjwa wake hauonekani kwa sababu haina orodha ya kulinganishwa wala hesabu zake peke yake. Wanasema pia maskini wataachwa, kwa kuwa mkandarasi atakimbilia mitaa inayolipa. Hatari hiyo ni ya kweli kuliko ile ya kwanza, na haiondoki kwa maneno: lazima mkataba ufunge mtaa wenye kipato na mtaa usio nacho katika eneo moja, na kaunti ilipie wasioweza kutoka kwenye bajeti yake ya kawaida, kwa kiwango kinachoandikwa wazi. Wengine wataniambia kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imekwisha kuyapanga yote. Ni sheria nzuri. Inataka taka zitenganishwe nyumbani, inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia, na inawabebesha wazalishaji mzigo wa bidhaa zao. Lakini mwenye nyumba wa Ruring'u akitenganisha mapipa yake kwa uaminifu, kisha akaona yote yakimwagwa pamoja ndani ya lori moja, ataacha mwezi wa pili, na hakuna askari wa kaunti atakayemrudisha.

Hatua za kuanzia hazihitaji mabilioni. Mizani jaani, na daftari linalobandikwa kila mwezi kuonyesha kila wadi imetoa tani ngapi. Hesabu ya benki ya ada za taka iliyo peke yake. Majaribio ya mwaka mmoja katika wadi mbili tofauti, Ruring'u na moja ya Karatina, kwa mikataba miwili isiyofanana, ili ijulikane ipi inafaa wapi. Bodi ya manispaa ipewe mamlaka ya kubadilisha ratiba na kutengeneza magari bila kupanda ngazi za makao makuu, na iwajibike kwa hilo.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Februari 28 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla ya hapo. Ukifika kwenye kikao hicho, msomaji, usiombe lori. Uliza ada ya taka iliyokusanywa katika wadi yako mwaka uliopita ilikuwa shilingi ngapi, ilitumika kwa nini, na ni tani ngapi zilizoondolewa, kisha utake majibu hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.